A ya Kwanza, B ya Pili, C ya Tatu

Olenguruone, bweni la chini
Jumapili, 25 Januari 2026

Guka mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi imeniacha bila usalama wowote, maana tumeletewa mwalimu mpya wa hesabu.

Anaitwa Bwana Micah Kimaiyo. Mwalimu ni neno kubwa kwake, lakini sina lingine. Bodi ya shule ilimwajiri baada ya Krismasi kwa mkataba wa muhula mmoja tu, kwa sababu Bi. Tabby ameenda kujifungua. Ni kijana mdogo kiasi kwamba siku ya kwanza mlinzi alimzuia langoni, akidhani ni kaka ya mtu amekuja kumwona dada yake. Anasema kwao ni Salgaa, kule malori yanakolala, na anasema bila kuulizwa. Anavaa sweta ya kijani iliyofumwa nyumbani, na akigeuka kuandika ubaoni tunaona mgongo wote una chaki. Sijui chaki humfikaje mgongoni. Wewe ulifundisha miaka yote ile na suti yako ilibaki safi.

Sasa sikia anavyofundisha. Tumeanza ile milinganyo yenye x mraba, ambayo wewe ulinifundisha likizo ya Agosti pale mezani kwako Milimani. Yeye anasimama mbele ya wasichana wa kidato cha tatu, watu wazima, anasema, "Huyu a ni mtoto wa x mraba. Hata x mraba akihamia Molo, a anamfuata huko huko." Anasema hivyo bila haya, Guka. Jelagat, ninayeketi naye dawati moja, aliandika hayo kwenye daftari lake kama ni Maandiko.

Ijumaa alitupa jaribio. Swali la kwanza lilikuwa 3x + 5 = 2x², tutaje a, b na c, halafu tutafute x kwa fomula. Nilifanya vile vile unavyofanya wewe. Nilikuwa wa kwanza kumaliza, nikaweka kalamu chini kwa sauti ili anione. Aliporudisha karatasi nilikuta sifuri kwa swali hilo, na sifuri kwa mengine yaliyofuata. Mimi! Na kwa ajili hiyo amenitoa kwenye timu itakayokuja Nakuru kwa shindano la hesabu, akamweka Jelagat, ambaye huhesabu kwa vidole chini ya dawati akidhani hatumwoni.

Barua hii ataileta Mama Nabalayo wa kantini, ambaye hushuka Nakuru kununua bidhaa, kwa sababu zinazopitia ofisini husomwa. Tafadhali fanya jambo. Wewe ulikuwa mkaguzi wa shule. Mtu kama huyu hawezi kuachiwa watoto wa watu.

Mjukuu wako,
Wangare


Milimani, Nakuru
Jumamosi, 31 Januari 2026

Kwa Wangare,

Barua yako niliisoma nikinywa chai, na chai ikanishinda kumaliza.

Mtoto wa x mraba! Nimefundisha hesabu, nimekuwa mwalimu mkuu, nimekagua shule kutoka Gilgil mpaka Kuresoi, na sijawahi kukutana na mtoto wa x mraba. Enzi zetu mtu aliyesema maneno kama hayo mbele yangu angemaliza kipindi akiwa amebeba koti lake anatafuta lango. Siku hizi kila mwenye cheti na jozi ya viatu ni mwalimu.

Hesabu ni nidhamu. Nilikufundisha kwa njia niliyowafundishia mamia ya watu, na baadhi yao leo ni madaktari: a ya kwanza, b ya pili, c ya tatu. Unasoma kama unavyosoma gazeti, kutoka kushoto kwenda kulia, unachukua namba zako, unaziingiza kwenye fomula, umemaliza. Hakuna mama wala mtoto wala Molo. Kijana anajificha nyuma ya hadithi kwa sababu hajui kazi. Arudi Salgaa akahesabu chapati, wenye malori hawatamuuliza fomula.

Mwenyekiti wa bodi yenu ni Kipsang. Huyo nilimfundisha mimi, alikuwa mvivu lakini mwenye adabu. Bodi itakaa Machi kuamua kama mkataba wa huyu mtu uongezwe. Kipsang akipata barua yangu, hautaongezwa. Utaona.

Ili mkono wako usipoe, nifanyie hii: 6x = x² + 8. Nitajie a, b na c, halafu unipe x. Usimwonyeshe yeye, asije akaigeuza kuwa hadithi nyingine.

Kuhusu barua kusomwa, mimi nitatuma kwa posta kama mtu mwenye anwani. Nilipokuwa mkaguzi hakuna aliyethubutu hata kuinusa barua yangu.

Guka wako,
N. Muiruri


Olenguruone
Jumatatu, 9 Februari 2026

Mzee Muiruri,

Salamu. Hatujuani, ingawa umeshajaza karatasi nzima kunihusu. Katika shule hii kila barua inayoingia hufunguliwa na mwalimu wa zamu, aone kama ndani kuna pesa au laini ya simu, na wiki iliyopita zamu ilikuwa yangu. Nilipaswa kuangalia tu. Nilipoona Salgaa nikasoma mpaka mwisho, na sijutii. Barua nimempa mjukuu wako mkononi. Sikumwambia kitu.

Mama yangu anauza chai na chapati pale Salgaa, karibu na malori yanapoegeshwa. Chapati hizo ndizo zilizonisomesha chuo. Huwa zinahesabiwa vizuri sana.

Kinachonishangaza ni kwamba hujamuuliza mjukuu wako aliandika nini. Nimeitafuta hiyo sentensi katika barua yako na haimo. Mkaguzi mzima anahukumu jaribio ambalo jibu lake hajaliona! Mwanafunzi wangu akiniletea kazi ya namna hiyo, namrudishia bila kuisahihisha.

Mimi sitakuambia aliandika nini. Kazi ni yake, na ana mdomo. Nitakuambia kilichofuata. Nilimuuliza mbele ya darasa ni mjinga gani alimfundisha kwamba a ni namba yoyote inayotangulia kushoto. Neno hilo nililitumia, na leo nikiulizwa nitalitumia tena. Alikataa kumtaja. Nikamwambia atakaa nje ya timu mpaka amtaje au aache kufanya vile. Akaniangalia kama anaangalia tope kwenye kiatu, akasema, "Basi nitakaa nje."

Nilidhani ni kiburi tu. Baadaye nikasoma hadithi yako ya gazeti, nikajua ni nani alikuwa anafichwa.

Mwandikie huyo Kipsang ukipenda. Bodi iliniajiri na bodi inaweza kunifukuza. Ila kabla hujabandika stempu, muulize mtoto.

M. Kimaiyo


Milimani, Nakuru
Alhamisi, 12 Februari 2026

Kwa Kipsang,

Sitakuita Mheshimiwa Mwenyekiti, maana nilikujua ukiwa huwezi kufunga tai yako.

Mna mtu pale anaitwa Kimaiyo. Anafundisha hesabu kwa hadithi za akina mama na watoto, anafungua barua za watu na kuzisoma, na sasa ameniandikia mimi, niliyekufundisha kila unachojua kuhusu namba, akiniita mjinga bila hata kuzunguka sana. Mjukuu wangu Wangare, msichana ambaye hajawahi kukosea hesabu mbele yangu, amepewa sifuri na kutolewa kwenye timu kwa sababu alifanya swali kwa njia sahihi badala ya njia ya huyo bwana.

Sikuombi, nakuambia. Machi ikifika mkataba wake usiongezwe. Bodi ikitaka sababu, sababu ni mimi.

N. Muiruri
Mkaguzi wa Shule, mstaafu


Olenguruone, bweni la chini
Jumapili, 15 Februari 2026

Guka mpendwa,

Barua yako nilipewa ikiwa imefunguliwa. Bwana Kimaiyo alinipa mwenyewe, akaenda zake. Nilingoja aseme kitu. Hakusema, na hilo ndilo lililoniudhi, kwa sababu jibu nilikuwa nimeshaliandaa.

Hesabu yako nimeifanya. Ulitaka kunitega, Guka, lakini nimekugundua! a ni 6, b ni 1, c ni 8. Nikaingiza kwenye fomula, na chini ya alama ya kipeuo nikapata hasi 191. Hakuna kipeuo cha namba hasi, kwa hivyo jibu ni kwamba hakuna jibu. Jelagat alichungulia daftari langu akasema eti x ni 2 au 4. Nilimcheka mpaka akafunika kazi yake kwa mkono. Huyo ndiye atakayewakilisha shule.

Sasa kuna upuuzi mpya. Bwana Kimaiyo amechora mstari wa chaki sakafuni katikati ya darasa, anasema hiyo ndiyo alama ya sawasawa. Wasichana wanapewa kadi. Mmoja ni 3x, mwingine ni 5, hao wanasimama upande huu. Mwingine ni 2x², anasimama upande ule. Kisha anataka wote wahamie upande mmoja, ule mwingine ubaki na sifuri, na kila anayevuka mstari lazima avue sweta aigeuze ndani nje. Eti amebadilisha alama! Wakishavuka wanajipanga, mwenye x mraba mbele, mwenye x katikati, asiye na x nyuma, ndipo wanaitwa a, b na c. Wasichana wakubwa kuvua sweta darasani kama watoto wa nasari, na baridi ya huku unaijua. Mwalimu wa Kiswahili alipita dirishani akasimama kututazama, nikaona aibu kwa niaba ya shule nzima.

Zamu yangu ilipofika nilikataa. Nilimwambia mimi ni mjukuu wa mkaguzi, sivuki mistari ya chaki.

"Sawa, baki hapo," akasema. "Lakini ukibaki hapo hatujui kama wewe ni a au b au ni mgeni tu."

Darasa likacheka. Nikakumbuka kwamba unamwandikia Kipsang, nikabaki hapo hapo. Je, umeshaandika? Harakisha, na uniambie kama hesabu yangu iko sawa.

Wangare


Olenguruone, bweni la chini
Jumapili, 1 Machi 2026

Guka,

Hujajibu. Mama Nabalayo anasema barua yangu alimpa mlinzi wako na akamwona akiingia nayo ndani, kwa hivyo najua uliipata. Je, wewe ni mgonjwa? Kama ni mgonjwa mwombe mtu aniandikie hata mstari mmoja.

Hujaniambia kuhusu hesabu yangu. Pale Milimani ulikuwa unaniambia kabla sijaweka kalamu chini.

Bodi itakaa Ijumaa tarehe 13. Wanasema barua imefika kutoka kwa mtu mkubwa Nakuru, na kila anayesema hivyo ananiangalia mimi. Bwana Kimaiyo haniangalii. Anafundisha tu. Ningependelea angekuwa ananichukia waziwazi, ningejua pa kuanzia.

Wangare


Milimani, Nakuru
Jumatano, 4 Machi 2026

Kwa Wangare,

Mimi si mgonjwa.

Majibu yako niliyaona. Tutayazungumza likizo, ana kwa ana. Kuna hatua ndogo ya kuhamisha ambayo sikuitaja likizo ya Agosti kwa sababu hata kuku anaijua, na jambo dogo kama hilo halistahili barua. Kwa sasa shughulika na Kemia yako. Usizungumze na mtu yeyote kuhusu lile jaribio.

Mambo ya bodi ni ya watu wazima, na kilichoandikwa kimeshaandikwa. Mtu wa rika langu hawezi kuandika leo hivi, kesho vile, kama mwanasiasa. Kijana huyo atapata shule nyingine. Wako wengi wanaohamahama na wanaishi.

N. Muiruri


Olenguruone, bweni la chini
Jumapili, 8 Machi 2026

Guka,

Barua yako imefika. Imenikasirisha na sitaificha hasira yangu.

Ijumaa nilivuka mstari. Sikuvuka kwa kupenda. Nilikuwa nimempa Bwana Kimaiyo ile hesabu yako, 6x = x² + 8, ingawa ulinikataza. Nilitaka ahangaike nayo mbele ya darasa, kwa kuwa nilijua haina jibu. Hakuhangaika. Alitugawia kadi. Mimi nikapewa 6x, nikasimama peke yangu upande wangu. Upande ule akasimama msichana mwenye x², na Jelagat akiwa 8. Wakaningoja. Darasa lote likaningoja, madirisha yako wazi na ukungu unaingia.

"Wangare, si uvuke tu!" mtu akapiga kelele. "Tunaganda huku!"

Nikavua sweta, nikaigeuza, nikavuka. Nikaenda moja kwa moja mbele, maana nimejizoesha kusomwa wa kwanza. Nikamkuta x² ameshasimama hapo. "Hapa si pako," akaniambia, tena kwa upole. Nikarudi katikati. Nikaangalia mishono ya sweta yangu iliyokuwa nje, nikaangalia niliposimama. Nilikuwa hasi 6x. Nilikuwa b.

x² − 6x + 8 = 0. a ni 1, b ni hasi 6, c ni 8. Na x ni 2 au 4, vile Jelagat alivyosema nikamcheka.

Wewe uliona 6, 1, 8 zangu katikati ya Februari. Ulijua siku hiyo hiyo kwamba sifuri yangu ilikuwa halali, kwa sababu hata kwenye jaribio niliandika 3, 5, 2, kama nilivyoimbishwa. Ulijua na ukanyamaza. Hatua ndogo ambayo hata kuku anaijua! Mimi sikuijua, Guka. Kila mlinganyo ulionipa pale mezani ulikuwa umeshapangwa, sifuri imekaa mahali pake, kilichobaki ni kusoma. Kazi ngumu ulikuwa umeimaliza wewe kabla sijavuta kiti, halafu ukanisifu eti nina kichwa.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini akanisomea ulichomwandikia Kipsang. "Msichana ambaye hajawahi kukosea hesabu mbele yangu." Aliinua macho akaniuliza kama ni kweli. Nikasema nina kipindi cha Kemia.

Bwana Kimaiyo alipouliza ni mjinga gani alinifundisha, sikukutaja. Niliacha nafasi yangu kwenye timu kwa ajili yako, na nilikuwa najivunia. Usiku nilikuwa nalala nimefurahi kwamba nimekulinda. Leo nikikumbuka nataka kujificha chini ya kitanda.

Mwandikie Kipsang. Maneno machache yanatosha: kwamba hukuwa umeona jibu langu. Mama Nabalayo atapita kwako Jumanne, mpe yeye. Akirudi bila kitu nitaandika mimi.

Wangare


Olenguruone
Alhamisi, 12 Machi 2026

Kwa Mwenyekiti,
Bodi ya Shule.

Bwana Mwenyekiti,

KUH: JARIBIO LA HESABU LA BWANA M. KIMAIYO

Mimi ni Wangare wa kidato cha tatu. Ndimi mwanafunzi anayetajwa katika barua mliyoipokea kutoka Milimani. Nilitarajia mtu mwingine awaandikie haya. Hakuandika.

Swali lilikuwa 3x + 5 = 2x². Mimi niliandika a ni 3, b ni 5, c ni 2. Jibu sahihi, mtu akihamisha kila kitu upande mmoja na kukipanga, ni a ni 2, b ni hasi 3, c ni hasi 5. Wapo waliohamishia upande ule mwingine wakapata hasi 2, 3 na 5, na Bwana Kimaiyo aliwapa alama pia, kwa kuwa mlinganyo ni ule ule. Langu halikuwa hili wala lile. Sifuri niliistahili, na nafasi kwenye timu sikuistahili.

Barua mliyoipata inasema nilifanya swali kwa njia sahihi. Aliyeiandika hakuwa ameliona jibu langu, na hakuniuliza.

Huenda mkataka kujua nilijifunza wapi kukosea kwa ujasiri namna hiyo. Bwana Kimaiyo aliniuliza hilo mbele ya darasa nikakataa kujibu. Najibu sasa. Nilifundishwa na babu yangu, Bwana Ndung'u Muiruri, mkaguzi mstaafu, ambaye ndiye aliyewaandikia.

Bwana Kimaiyo si mtu wa kupendeza. Ana dharau, hana subira, na alimwita mtu wa kwetu mjinga. Lakini darasa letu lote sasa linajua kuitafuta a popote ilipojificha, hata mimi. Naiomba bodi imwache aendelee.

Wako mtiifu,
Wangare, kidato cha tatu

Nakala: Bw. N. Muiruri, Milimani


Milimani, Nakuru
Jumatatu, 16 Machi 2026

Wangare,

Kipsang amenipigia simu. Aliisoma barua yako mbele ya bodi nzima, kwa sauti, na watu niliowafundisha kushika kalamu wakacheka. Kipsang mwenyewe alikuwa bado anacheka akinieleza, kisha akakumbuka anazungumza na nani, akaanza kukohoa.

Watu hao waliniheshimu tangu kabla hujazaliwa. Umewapa kitu cha kusimulia kwenye harusi.

Likizo usije hapa.

N. Muiruri


Olenguruone, bweni la chini
Jumapili, 22 Machi 2026

Guka mpendwa,

Bwana Kimaiyo ameongezewa mkataba mpaka mwisho wa mwaka. Hakunishukuru. Niliingia darasani Jumatatu nikidhani angalau atanitazama kwa namna fulani, akaniambia, "Wangare, unaziba ubao." Ni mtu asiye na shukrani hata kidogo, na mgongo wake bado una chaki. Kwenye timu hakunirudisha. Jelagat ndiye anayekuja Nakuru. Bado anahesabu kwa vidole, na bado anapata.

Nilimwomba msamaha Jelagat kwa kumcheka. Alisema hakumbuki. Anakumbuka sana, ila ana moyo mzuri kuliko wangu na wako tukichanganya.

Sasa nikuambie jambo bila kulizungusha. Nakupenda, na wiki hizi nimekudharau. Sikujua kwamba mtu mmoja anaweza kufanyiwa yote mawili na mtu yule yule. Sikukudharau kwa kunifundisha vibaya. Hata Bwana Kimaiyo hukosea, Alhamisi alisahau alama ya hasi ubaoni na Jelagat akamrekebisha, akasema asante, akafuta, tukaendelea. Nilishangaa jinsi lilivyokuwa jambo dogo. Nilikudharau kwa sababu ulijua. Ulijua, ukaniacha niendelee kujigamba, ukamwacha mtu akaribie kupoteza kazi, ili wazee fulani waendelee kuvua kofia wakikutana nawe mjini. Mimi ningekuheshimu bila kofia yoyote. Ungeniandikia tu, "Wangare, tulikosea," ningeiweka barua hiyo chini ya mto.

Unasema wamecheka. Wacha wacheke, watachoka. Mimi nilichekwa na darasa zima nikiwa nimevaa sweta ndani nje, na kengele ya chakula ilipolia wote walikuwa wameshasahau.

Shule ikifungwa nitakuja Milimani. Nimesoma ulivyoandika, kwamba nisije. Mlinzi wako akinizuia nitaketi juu ya sanduku langu hapo langoni, mbele ya majirani zako wote wenye magari, mpaka utoke. Unaweza kutoka umekasirika. Siji kukuomba msamaha, na siji kukungoja uniombe, kwa sababu nakujua. Nakuja kwa kuwa nina jina la Cucu, mkeo, na tangu tumzike hakuna mtu mwingine duniani anayeliita vile unavyoliita wewe.

Wangare